Addis Bila Mdomo

Watu wananiuliza Addis ilikuaje nawajibu baridi, kahawa tamu, injera nimekula mpaka basi, hapo stori inaisha. Ila kitu chenyewe hasa sijamwambia mtu, nacho ni kwamba safari nzima sikuwa na mtu wa kuongea nae zaidi ya shosti wangu, na anayenijua mi anajua hiyo ni habari ya kutangazwa redioni.

Kati yetu wawili mi ndo mdomo. Kariakoo yeye anashika mifuko mi nashusha bei, konda akizingua chenji namalizana nae mi, chips mayai zikichelewa mi ndo naita mhudumu. Shosti ni wa kimyakimya, ukimuuliza anataka soda gani anakuangalia kwanza. Tunaenda hivyo tangu tuko chuo na hajawahi kulalamika, angalau sio kwa sauti. Sasa unapanda ndege hapa, masaa kama matatu tu unashuka uwanja wa Bole, unatoka nje na lugha zako zote mbili zimeisha kazi. Hotelini Kiingereza kipo sikatai, na mabango mengi ya barabara kubwa wanaandika lugha zaidi ya moja, ila ukiingia mtaani, kwenye vidaladala vyao vya bluu na nyeupe, ndo umekwisha. Herufi zao ni zao wenyewe, zinapita 200, yani hata kusoma kwa kubahatisha huwezi.

Makonda lakini ni walewale. Wananing'inia mlangoni wanaita Bole Bole Bole, Piassa, Megenagna, mwingine anaita Mexico Mexico nikasema huyu anatupeleka wapi tena (ni eneo tu la mjini, lipo karibu). Nikamuuliza mmoja kwa Kiingereza akanijibu Kiamhari kirefu, nikauliza tena, akajibu tena, na abiria wawili wakachangia. Shosti hajasema neno. Kamuonyesha simu, ramani ina kile kidoti, jamaa kainama kaangalia afu kavuta hewa ndani ghafla, haah! Mi nikajua tayari, kuna msiba huko tunakokwenda. Shosti huyoo kashapanda kakaa.

Kumbe ndo kukubali kwao. Mtu anakuitikia kwa kuvuta pumzi ndani, fasta, basi, amekuelewa. Shosti alishaona tangu mapokezi hotelini wakati mi napiga maneno, yeye alikuwa anaangalia watu. Kufika kesho yake anavuta hewa mwenyewe. Nimemuona kwa macho yangu na bibi mmoja muuza ndizi, bibi anaongea, huyu haah, bibi anaendelea, huyu haah, ndizi zinaingia kwenye mfuko na nyingine moja ya nyongeza juu. Mi hapo nimesimama tu pembeni kama begi la pili.

Kilichoninyoosha kabisa ni kahawa. Kuna mama alikuwa na kijichumba chake karibu na tulipofikia, katandaza majani mabichi chini, vigoda vifupi vya kukaa, jiko la mkaa. Hapa kwetu kahawa unakuta mzee na dele lake unamiminiwa kikombe na kashata unaondoka. Yule mama anaanza na punje mbichi! Anaziosha, anazikaanga hapo hapo mbele yako anazitingisha mpaka zinang'aa mafuta, anakuletea kikaango kinachofuka moshi puani unuse, anaenda kutwanga, anachemsha kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo ndefu, ubani unafuka pembeni, afu anamimina kwa juu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, anavipitia mstari mzima bila kusimama na sinia halipati tone. Bisi mnawekewa mtafune. Na usidhani ukimaliza kikombe umemaliza, maji yanaongezwa kwenye masalia yaleyale inachemshwa ya pili, halafu ya tatu, na heshima ni kukaa mpaka hiyo ya tatu ambayo ishakuwa nyepesi. Lisaa limekatika, wakati mwingine zaidi.

Ingekuwa Tabata, kwa muda ule ningekuwa nishajua ana watoto wangapi, kodi ya fremu analipa shilingi ngapi na mume yuko wapi. Pale nimekaa natafuna bisi naangalia mikono yake. Alikuwa na kovu la moto kwenye kidole gumba, na kila akitaka kumimina anafunga kwanza kitambaa kwenye shingo ya jebena mara mbili. Jirani mmoja akaja akakaa, hakuna aliyemuuliza kitu, akapewa kikombe. Shosti yuko zake kwa raha, hana haraka, na ndo nikawaza kwamba huyu siku zote ndivyo alivyo, ni mi ambaye huwa niko katikati yake na watu.

Sasa yale maneno yangu yalikuwa yanaenda wapi? Kwake. Maneno yote ambayo hapa Dar nayagawa kwa konda, muuza mboga, bodaboda, jirani, mlinzi wa ofisini, kule yalikuwa yanamuangukia mtu mmoja. Usiku chumbani naongea, asubuhi naongea, kwenye kidaladala ndo usiseme maana hakuna anayetuelewa. Kuna usiku alivaa earphone akageukia ukutani. Nikaangalia simu yake imezimika, haina chaji.

Kitu kimoja tu tulikuwa mabingwa wote wawili, saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndo inaanza saa moja, wala sio saba. Dada wa mapokezi kazoea wageni, akajitahidi kutubadilishia gari la Bishoftu linaondoka saa ngapi kwa saa za kizungu, shosti akamnyooshea kidole kimoja, yule dada akacheka mpaka akaita wenzake. Wazungu pale mezani kila siku wanatoa sita wanajumlisha sita. Sisi tumelala tumeamka saa moja tuko nje. Kalenda yao tuliiacha ilivyo, miezi 13 sio mchezo.

Bishoftu ni karibu tu, mji wenye maziwa yaliyokaa kwenye mashimo ya volkano. Pale ni Oromia, jimbo la Waoromo, na Kioromo wanaandika kwa herufi hizihizi zetu. Jamani nilisoma kila bango! Duka, saluni, shule, nasoma kwa sauti njia nzima na irabu zao zile mbilimbili. Shosti akaniuliza, "Limeandikwaje?" Nikamsomea. "Maana yake?" Nikamwambia endelea kuangalia dirishani.

Siku ya kurudi tulipata teksi ya mzee mmoja, foleni kama ya Ubungo enzi zile. Kasikia Tanzania akasema "Nyerere!" Shosti akamjibu "Haile Gebrselassie." Mzee "Kilimanjaro," shosti "Abebe Bikila," basi wakaendelea hivyo, mzee anataja vya kwetu, shosti anataja wakimbiaji wao, yani mazungumzo ya majina matupu na wote wanafurahi. Tulipofika pale Mexico shosti akaonyesha nje akasema "Mexico, 1968, Akhwari." Mzee akafikiria, halafu akapiga usukani, "Mamo Wolde!" Na ni kweli, zile mbio za marathoni Olimpiki ya Mexico City zilizomfanya John Stephen Akhwari ajulikane, alivyoanguka akaumia akaingia uwanjani na mguu umefungwa bandeji zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, mshindi mwenyewe ni Mamo Wolde wa Ethiopia. Mzee akawa anaonyesha goti lake, anachechemea akiwa amekaa hapohapo kwenye siti, shosti anacheka machozi yanamtoka. Sijawahi kumuona anacheka hivyo na mtu asiyemjua. Mi nilikuwa nyuma na mabegi na hilo la Akhwari nilikuwa nalijua vizuri tu, ila nikanyamaza.

Mwakani anataka twende Msumbiji, Maputo. Nikamwambia safi, naanza kujifunza Kireno mapema ili tusipate shida. Akaniangalia kwanza, kama kawaida yake.

"Usijifunze. Nakuomba."

App nimeshaipakua lakini, nipo somo la matunda.