Vima juu ya mfenesi

Jana jioni mwanangu alinishika mkono akanivuta uani. "Mama, vima! Vima!" Juu ya mfenesi walikaa kima wawili.

Hakuna mtu nyumbani kwetu hapa Wete, Pemba, asemaye "vima". Kasikia kiatu na viatu, kijiko na vijiko, akajitungia kanuni yake mwenyewe: kinachoanza na ki, kikizidi kimoja huwa vi. Ana miaka miwili na nusu, na ngeli keshazikamata. Nilibaki kumtazama yeye, kima nikawasahau.

Mwaka jana nililala na hofu. Katimiza mwaka na nusu, maneno yake hayazidi matano. Nikampeleka kupimwa masikio, yakaonekana mazima (na hilo lisicheleweshwe, mtoto asiyegeuka akiitwa apimwe). Nikirudi kazini nimechoka namwekea katuni kwenye simu, nikiamini maneno yatamwingia. Baadaye nikasoma utafiti wa Patricia Kuhl, mtaalamu wa jinsi watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake, wa mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walizishika sauti za Kichina walipochezewa na kusomewa na mtu aliye mbele yao. Waliowekewa watu walewale kwenye televisheni hawakushika kitu.

Mama yangu hakuhitaji utafiti. "Simu yasema, mwanangu, lakini haimngoji mtoto," aliniambia, akaichukua.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Akamkalisha mjukuu wake jamvini, wakawa wanachambua pamoja, karafuu mbali na makonyo, vile vijiti vyake. Mtoto anaokota. "Ko."

"Eee, konyo. Makonyo tunayaweka huku. Na hii?"

Hapo mama hunyamaza. Hunyamaza hasa: mikono imesita, macho yapo kwa mtoto, mpaka litoke lolote, hata "fuu" tupu. "Karafuu! Karafuu yetu hii." Kimya kile mimi sikuwahi kumpa mwanangu. Nilikuwa nauliza na kujijibu mwenyewe, kisha nasema mtoto haongei. Mpaka leo linaniuma.

Basi jana sikumwambia amekosea, wala sikumlazimisha arudie. "Eee, kima wawili," nilisema. "Kima wanakula fenesi."

Akatazama juu tena, kakunja uso. "Vima nakula fenesi."

"Wanakula, mwanangu. Na sisi tutakula nini?"

Nikanyamaza, nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikangoja.