Deni la Nyumba na Stoo Yetu ya Seeta

Wiki iliyopita ofisi ya ardhi ya Mukono, hapa Uganda, ilifuta rehani kwenye hati ya kiwanja chetu. Tuliiandikisha mwaka 2014 kwa miaka 15, ilikuwa iishe 2029. Imekwisha sasa, na tangu siku ile natembea humu ndani nikigusa kuta. Nayaandika haya furaha ikiwa bado mbichi. Nitaandika habari za deni na habari za stoo kwa pamoja, maana kwetu hayo mawili yalikwenda yakishikana mikono na sijui namna ya kuyatenga.

Mimi ni mtoto wa kambini. Mzee wetu alikuwa askari polisi, nasi tulikulia Naguru ndani ya yuniporti, vile vibanda vya mviringo vya bati ambavyo mchana huwezi kukaa ndani na usiku unatafuta blanketi la pili. Upande mmoja jirani Mlugbara, upande wa pili Mgisu, mbele Mganda, sisi Wateso. Kiswahili ndicho kilichotusikilizanisha, na mpaka leo nikihesabu fedha kichwani nahesabu kwa Kiswahili. Lakini nyumba ya kambi haina mwenyewe. Baba akistaafu, akihamishwa, au Mungu akimchukua, familia inafungasha. Nimewaona wajane wakipakia vitanda kwenye lori, watoto wamekaa juu ya magodoro, majirani wamesimama wasijue la kusema.

Kwa hiyo Mama hakutupa kitu. Chupa, makopo ya maziwa ya unga, kamba, mifuniko ya sufuria zilizokwisha kutoboka, vyote alivihifadhi chini ya kitanda. Tukimuuliza anasema, "Mwanangu, barabarani hakuna duka." Nilirithi maneno hayo pamoja na hofu iliyokuwa ndani yake. Nilipoanza kupata mshahara nilitaka vitu viwili tu duniani: nyumba ambayo hakuna afande atakayekuja kunitoa, na nyumba hiyo isikose kitu.

Nyumba tuliipata Seeta, kwa mkopo. Sheria ya Rehani ya 2009 inataka mume au mke aridhie kwa maandishi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na nashukuru iko hivyo, kwa sababu ilitukalisha mimi na Baba Watoto mezani tukasoma kila ukurasa. Yeye ni mwalimu wa sekondari ya binafsi, mimi nashika vitabu vya hesabu katika kampuni moja mjini. Jedwali la marejesho ndilo nililolisoma kwanza. Hapo naomba msomaji asimame nami kidogo, maana watu wengi wanaochukua mikopo ya nyumba hawaonyeshwi jambo hili kwa upole.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 100, riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15. Kila mwezi utalipa kama shilingi 1,539,000. Mwezi wa kwanza, katika fedha hizo, riba peke yake ni kama 1,417,000. Kinachopunguza deni lenyewe ni kama 122,000 tu. Ukifika mwisho wa miaka 15 utakuwa umelipa karibu milioni 277. Sasa ongeza shilingi 250,000 kila mwezi tangu mwanzo, ziende zote kwenye deni la msingi. Mkopo unakwisha baada ya miaka 9 na miezi 4 hivi, na riba ambayo hutailipa inapita milioni 75. Mshahara ni uleule na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kila shilingi ya ziada inayoingia mapema inakata riba ya miaka yote iliyobaki, ndiyo maana laki moja ya mwaka wa pili ina nguvu kuliko laki moja ya mwaka wa kumi na mbili.

Safari yetu haikunyooka hivyo. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mshahara wa Baba Watoto ulipungua, kisha ukakatika. Benki Kuu iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya watu walioguswa na janga lile, nasi tukaomba tupumzishwe kwa muda. Tulipumzika sisi, riba haikupumzika. Tukatulia kidogo, halafu ukaja mwaka 2022 wenyewe: Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 6.5 hadi 10, na sisi wenye mikopo ya riba inayobadilika tukapata barua. Ukisoma barua ya namna hiyo usiku, watoto wamelala, unasikia kila taa inayowaka ndani ya nyumba.

Ni wakati ule wa kufungiwa ndani ndipo tulipoiona stoo. Chumba kilichojengwa kiwe cha mgeni kilikuwa hakiingiliki. Masanduku ya bati ya shule za bweni, matatu, yenye majina ya watoto yaliyoandikwa kwa rangi. Magodoro membamba. Madumu. Televisheni ya mgongo mrefu. Mazulia yaliyokunjwa. Vitambaa vya kufunika makochi tuliyokwisha kuyatoa. Na flaski. Nitasema habari za flaski.

Wanawake wa Kampala na viunga vyake wanaijua nigiina. Mnakuwa kundi, kila mmoja na zamu yake, siku ya zamu mnashona sare, mnakwenda na muziki, mnampelekea mwenzenu fedha au vyombo. Ni jambo zuri. Limewatoa wanawake wengi kwenye kufua nguo za watu hadi kwenye duka lao wenyewe, na sitakubali mtu alidharau mbele yangu. Lakini mimi nilikuwa katika makundi zaidi ya moja, na kila kundi lilikuwa na sare, na kila zamu ilidai kitu kipya. Stooni nilikuta seti za sahani ndani ya maboksi ambayo gundi yake haijawahi kufunguliwa, masufuria yaliyopangana kutoka kubwa hadi dogo, flaski za chai za kuhudumia harusi. Magomesi, yale magauni marefu ya sherehe, yalijaza kabati zima. Mengine nimeyavaa mara moja kwenye sherehe ya utambulisho, kabla ya ndoa, ya binti wa mtu ambaye sasa hivi simkumbuki sura.

Nilikaa chini nikafanya kile ninachofanya kazini. Nikachukua daftari la shule lenye kurasa tupu nikaandika kila kitu na bei yake ya kununulia, kwa kadiri nilivyokumbuka. Jumla ilinifanya nifunge daftari na kwenda nje. Tulikuwa tumeweka ndani ya chumba kile, mwaka baada ya mwaka, fedha ambazo zingekuwa zinashambulia deni la msingi.

Hapa nataka kusema kweli kwa wale wanaoshawishiwa kwamba ukiuza vitu vya zamani utalipa nyumba. Hutalipa. Masanduku tuliyauza Januari, wazazi wanapohangaika na orodha za shule, yakatoka haraka kwa sababu bati la zamani ni zito kuliko la sasa. Vyombo vipya vilinunuliwa na mwanamke anayekodisha vifaa vya sherehe. Televisheni ilichukuliwa na fundi kwa bei ya kusikitisha. Magomesi mengi niliwagawia dada zangu wa Soroti na mama wa kanisani. Fedha zote zilizopatikana hazikufikia hata rejesho la miezi miwili. Faida ilikuwa kwingine: mtu aliyebeba mzigo wa vitu vyake kwa mikono yake, akavipangusa vumbi, akavitafutia mnunuzi, akaona bei wanayompa, hana hamu tena ya kuingia dukani. Tulichoacha kununua ndicho kilichotulipia nyumba.

Mazungumzo magumu yalikuwa ya nigiina. Nilimwendea mwenyekiti wa kundi moja, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, nikamwambia nitamaliza zamu zote ninazodaiwa kisha nitatoka. Akanyamaza, akanitazama.

"Nyumbani kuna shida, mama?"

"Hapana, mama. Kuna deni, nataka niliue mapema."

"Basi baki na sisi kundi dogo la fedha. Hilo halina sare."

Nikabaki katika hilo. Zamu yangu ilipofika, fedha zote zilikwenda benki asubuhi yake. Wapo waliosema nimekuwa mchoyo, na maneno hayo yaliuma, kwa sababu kwetu mtu ni watu. Sherehe nilizoweza kuhudhuria nilihudhuria, kwa gomesi lilelile, na mkono wangu ulikuwa wazi kwenye misiba kuliko zamani. Msiba sikuukatia bajeti hata siku moja.

Tabia mpya hazikuja kwa kishindo. Daftari lilibaki mezani, kila jioni tunaandika kilichotoka, mpaka shilingi mia tano za nyanya. Baba Watoto alipinga mwanzoni, baadaye akawa mkali kuliko mimi. Daftari ndilo lililotuonyesha jambo ambalo hatukulitazamia: fedha za simu. Tulikuwa tunatoa kidogo kidogo kwa wakala, elfu ishirini leo, elfu kumi na tano kesho, na kila unapotoa kuna ada ya kampuni na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Tukaanza kutoa mara moja kwa wiki, tunaweka kwenye bahasha. Tukaacha kununua matoke njiani jioni, tunapeleka mtu mmoja soko la Seeta Jumamosi na orodha. Chakula cha mchana nabeba kutoka nyumbani. Kitu chochote kisicho chakula wala dawa kinaandikwa nyuma ya daftari na kusubiri mwezi uishe. Vingi vinakufa pale kwenye karatasi.

Na benki tuliiandikia barua. Hili ni muhimu kuliko yote: fedha ya ziada ukiiweka tu kwenye akaunti inaweza kukaa pale ikisubiri rejesho lijalo. Andika kwamba ni ya kupunguza deni la msingi, na kwamba unataka muda ufupishwe, rejesho la mwezi libaki palepale. Omba jedwali jipya, ulisome. Tazama pia mkataba wako unasema nini juu ya ada ya kulipa mapema, mikataba haifanani.

Tulibishana sana na Baba Watoto kuhusu hati fungani za serikali. Alisema, kwa nini tusiikopeshe serikali fedha hizi za ziada, inalipa vizuri? Ni hoja ya mtu mwenye akili. Lakini riba ya hati fungani inakatwa kodi, asilimia 20, au 10 kwa zile za miaka 10 na zaidi. Ukipata asilimia 16 ukakatwa 10 ya hiyo, unabaki na 14.4. Deni letu lilikuwa linatula zaidi ya hapo. Shilingi inayopunguza deni la asilimia 17 inakupa asilimia 17 kamili, hakuna anayeikata. Alikubali, ingawa alikubali kwa masharti kwamba zamu yake itafika.

Pigo la mwisho kwa deni lilitoka NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Sheria iliyorekebishwa 2022 inamruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45, aliyechangia miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Nilipotimiza umri nilifikiri sana, kwa sababu ile ni fedha ya uzee, na nimewaona watu wakiichukua kununua gari. Nikaona kwamba nyumba isiyodaiwa nayo ni fedha ya uzee. Nikaomba, ikaingia, ikapita siku hiyohiyo kwenda kwenye mkopo. Baada ya hapo riba ilianza kuporomoka kila mwezi mbele ya macho yetu.

Ukimaliza kulipa, usirudi nyumbani ukalala. Benki inatoa hati ya kuachilia rehani pamoja na hatimiliki yako, lakini rehani imeandikwa kwenye rejista ya ardhi na itabaki pale mpaka uipeleke hati ile ofisini iandikishwe. Kisha omba rejista ipekuliwe uone kwa macho yako kwamba kiwanja kimeachiwa. Tulikwenda wote wawili. Karani alitugeuzia skrini tukaona: majina yetu, na chini yake hakuna kitu. Nililia pale kaunta, na sikuona aibu. Nilikuwa namfikiria Mama na lile lori.

Nilimpigia simu Soroti jioni. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuwatoa?" Nikasema hakuna, Mama. Akauliza tena, kwa Kiteso safari hii, nikajibu tena. Akashukuru Mungu kwa muda mrefu mpaka muda wa maongezi ukaisha.

Chumba cha mgeni sasa kina kitanda, meza na dirisha linalofunguka. Mtoto wetu mkubwa anasomea humo. Mwisho wa mwezi huu itakuwa mara ya kwanza kwa rejesho lote kubaki mikononi mwetu, na tumekubaliana halitaguswa kwa matumizi ya kawaida. Baba Watoto ameshaleta fomu za hati fungani, kama tulivyoahidiana. Mimi nataka kwanza paa la Mama, linavuja upande wa jikoni, na mvua za Teso zinaanza Machi. Jana usiku tumepiga hesabu ya mabati kwenye daftari, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu.