Harufu ya oili inayoungua: anza juu ya injini, si chini ya gari

Gari likiwa mwendoni huisikii. Simama kwenye foleni dakika mbili, inaingia: nzito, inakereketa koo, kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Hiyo ni oili inayodondokea chuma cha moto, mara nyingi manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Ukitembea upepo unaipeleka nyuma. Ukisimama inapanda na kuvutwa na tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Harufu ikififia, chanzo kiko chini ya boneti.

Hakikisha kwanza kuwa ni oili kweli. Harufu tamutamu ni kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Klachi inayoteleza hunuka kama karatasi iliyoungua, hasa mlimani. Kipande cha mfuko wa plastiki kikinata kwenye ekzosi kitanuka siku kadhaa, na wapo waliolipia gasketi (mpira wa kuziba maungio) kwa sababu yake. Ukisikia harufu ya waya, zima gari na uchomoe betri, usisubiri kufika. Na kama gari limetoka kumwagwa oili jana, kilichomwagika wakati wa kutoa filta kitaungua chenyewe ndani ya safari moja au mbili. Angalia pia kifuniko cha kujazia oili: kufungwa nusunusu au kukosa mpira wake kunatosha kuchafua injini nzima.

Moshi wa bluu nyuma ya gari ni habari nyingine. Hapo oili inaungua ndani ya silinda. Ukiuona asubuhi unapowasha tu, shuku sili za valvu. Ukiuona kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni.

Tuseme ni uvujaji wa nje. Mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya kifuniko cha valvu, kile ambacho gereji zetu hukiita tapeti kava. Mpira wake ukipikwa na joto kwa miaka unakuwa mgumu kama plastiki na kuacha kukamata. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye IST, Probox na Premio ya 1.5, ekzosi iko upande wa nyuma, karibu na dereva, ndiyo maana tone dogo tu linasikika ndani. Kwenye 5A-FE ya zamani ekzosi iko mbele, upande wa rejeta, na mara nyingi utauona moshi kabla ya kusikia harufu.

Kosa kubwa la utafutaji ni kulala chini ya gari, kuona sampu (bakuli la oili chini ya injini) imelowa, na kutangaza kuwa sampu inavuja. Oili hushuka, na upepo huisukuma nyuma. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushuku. Safisha injini ikiwa baridi kwa dawa ya kuondoa grisi (si petroli), ikaushe, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye mistari ambapo sehemu za injini zinaungana. Endesha kilomita 10 hadi 15, acha ipoe, mulika kwa tochi. Poda italowa pale pale inapotokea. Kama juu pote ni pakavu, shuka: oringi (mpira wa duara) ya valvu ya VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, swichi ya presha ya oili, kava la cheni, sili ya krenki. Chomoa na koili, zinazopeleka umeme kwenye plagi. Ukikuta oili kwenye visima vya plagi, sili za visima hivyo nazo zimekwisha.

Kabla ya kununua gasketi, kagua valvu ya PCV, inayotoa presha ndani ya injini. Ichomoe na uitikise: nzima hulia chakachaka, iliyoziba iko kimya. Ikiwa imeziba, presha itasukuma oili hata kwenye gasketi mpya, na mwezi ujao utalaumu duka la vipuri bure.

Kazi yenyewe ya kubadilisha gasketi ni ya asubuhi moja, injini ikiwa baridi. Toa koili na mipira ya hewa, legeza bolti za tapeti kava, za namba 10, kuanzia pembeni kwenda katikati. Kava likigoma, ligongegonge kwa mpini wa mbao. Ukichokonoa kwa bisibisi utakwaruza aluminiamu na kujitengenezea njia mpya ya kuvuja. Futa mfereji wa gasketi na uso wa silindahedi (kichwa cha injini) mpaka vikauke kabisa, maana gasketi haikamati juu ya oili.

Sasa silikoni. Gasketi ya mpira hukaa kavu. Silikoni inawekwa kidogo tu pale kava la cheni linapokutana na silindahedi, pembe mbili, basi. Fundi anayezungusha silikoni kava zima anakuachia tatizo kubwa zaidi: ziada ya ndani hukatika, hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini ikikosa oili haiungui gasketi, inaungua beringi.

Kaza kuanzia katikati, kwa awamu, hadi Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Hiyo ni nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Ukikaza kwa hasira, unaponda mpira au unang'oa uzi wa bolti. Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha.

Harufu haitaisha siku hiyo. Oili iliyojificha chini ya bati la kukinga joto itaendelea kuungua siku mbili tatu, na moshi kidogo ukiwasha mara ya kwanza ni kawaida. Moshi mzito unaoongezeka si kawaida: zima, na usifungue boneti wazi kwa pupa, hewa inaweza kuwasha moto. Wiki hiyo pima oili kila asubuhi. 1NZ-FE hubeba lita 3.7 pamoja na filta, hivyo hata nusu lita ikipungua itaonekana kwenye kijiti.