Tiramisu ya machungwa, na hukumu ya Bibi

Jamani, leo nimethubutu.

Tiramisu ya Waitaliano ni biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, katikati jibini laini la maskapone. Sasa hapa Kigoma maskapone niitoe wapi?

Jana usiku nikachuja mtindi kwenye kitambaa. Asubuhi umekuwa mzito kama siagi, nikauchanganya na krimu na sukari. Kahawa nikaiacha (wakulima wa kahawa wa Kalinzi mnisamehe), nikakamua machungwa manne na limao moja.

Safu ya kwanza biskuti zililowa mno, zikawa uji. Ya pili nikawa nahesabu: moja, mbili, toa!

Kuoka hakuna, friji tu. Na friji yenyewe, umeme ukakatika saa nane mchana 😩

Saa kumi Bibi huyo, katoka Ujiji. Akaonja kijiko kimoja. Kimya. Akaonja cha pili, akakwangua maganda ya chungwa niliyonyunyizia juu, akayatafuna taratibu macho kayafumba.

"Tamu, mjukuu wangu. Ila umesahau kuipika."

Na bakuli kaondoka nalo 😂

Nyie mngeweka nini badala ya maskapone?