Kabari ya nusu digrii

Jana tumepeleka gari kupiga alaimenti, yaani kunyoosha matairi, mwanangu akaniuliza, baba, tairi likiangalia ndani kidogo tu kuna shida gani? Nikachelewa kujibu, kichwa kilisharudi Wisconsin, Marekani, kwenye hanga, banda la ndege, la mzee mmoja niliyekuwa namsaidia, nilimwita Mzee tu, ile Jumamosi ya baridi.

Miaka tisa Mzee alikuwa anaunda ndege yake mwenyewe, ya watu wawili, yenye gurudumu dogo mkiani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kunyoosha miguu ya ndege, ile inayobeba matairi makubwa mawili ya mbele. Mkia tumeuinua ndege ikakaa kama inavyokaa hewani, chini ya kila tairi bati mbili zenye grisi katikati ili miguu ijitanue bila kushikwa na sakafu, halafu timazi mbili, zile nyuzi zenye uzito wa ncha, toka tumboni, ya mbele na ya nyuma, tupige uzi wa chaki kati yake. Timazi nikapewa mimi, mtoto wa mwashi. Nimelala kifudifudi kwenye zege nasubiri itulie, inayumba, inapunguza, inayumba tena kidogo, mpaka pumzi nimeibana, ncha ikasimama. Nikatia alama.

Kila ekseli tukaifungia fito ya aluminiamu, sentimita 120. Kulia safi. Kushoto ncha ya mbele imeingia ndani milimita 10 kuliko ya nyuma, kama nusu digrii hivi. Mzee akafungua, akaweka kabari ya nusu digrii, akakaza. Napima, 20. Akasema nimesoma vibaya. Napima tena, 20 ileile.

Na ndege ya namna hii uzito wake uko nyuma ya matairi makubwa, ikianza kupinda inalemea tairi la nje, sasa hilo tairi likiwa linaangalia ndani ndo linazidi kuipindisha, inajizungusha bawa linapiga chini.

Nikaukumbuka ukuta wa Baba kule Tanga. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona tofali zimeachana na uzi, nikanyamaza, nani amwambie Baba? Kesho yake akabomoa kozi nne, mistari minne ya tofali, mbele ya mwenye nyumba.

"Mzee, kabari imekaa kinyume."

Akaiangalia rula yangu muda mrefu, hasemi kitu. Kisha akachukua spana. Safari hii ikaja milimita 1, kwenda nje, akanimiminia kahawa.

Kiangazi ndege ikaruka, nikaiona inakimbia katikati ya mstari mpaka ikaacha ardhi. Baba alikuwa ameshafariki, sikuwahi kumwambia kwamba ule ukuta niliuona, na sijui hata kama angependa kuambiwa.