Euro 55 kutoka Stephansplatz hadi Stephansplatz

"Euro 80, dakika 40." Nikamwambia wifi amuulize tena dereva wa gari la farasi, huenda hatukuelewana. Tulikuwa tumeelewana vizuri sana. Magari ya farasi yamepanga foleni mbele ya kanisa kuu la Vienna, uwanja wa Stephansplatz, kama daladala zinazosubiri zamu, ila mpiga debe hakuna. Dereva, na kofia yake nyeusi ya duara, anatutazama tu.

"Muulize kama kuna la farasi mmoja," nikasema. Nilishasoma kwamba hilo huitwa Einspänner, nikajua litakuwa nafuu. Wifi akacheka mpaka akashika mbavu, akanivuta kwenye mkahawa wa jirani. Einspänner ikaja ndani ya glasi: kahawa nyeusi kali, juu imefunikwa krimu nzito. Wanasimulia kuwa madereva wa zamani walishika hatamu kwa mkono huu na glasi kwa ule, krimu ikizuia kahawa isipoe. Nayo bei yake tuiache.

Tukarudi, tukachukua dakika 20 kwa euro 55. Farasi wawili, mgongo wa dereva, na nyuma ya mikia kimfuko cha kudakia mavi. Kila gurudumu likigonga jiwe, nasikia kiunoni. Majumba ya wafalme niliyaona nusu nusu, maana macho yalikuwa kwenye saa.

Gari linaitwa Fiaker, na dereva naye ni Fiaker. Jina lilitoka Paris, karne ya 17: Nicolas Sauvage alikodisha magari kwenye nyumba iliyobeba jina la Mtakatifu Fiacre. Mtawa huyo alitoka Ireland, na ni msimamizi wa watunza bustani. Magari yamemkuta kaburini. Vienna wakaanza kutoa leseni mwaka 1693.

Sisi kwetu hatukwenda kwa watakatifu. Daladala ni dala, shilingi 5 ya nauli. Matatu ya Wakenya ni mapeni matatu. Nauli imepanda mara ngapi sijui, lakini jina bado linakukumbusha ulichotakiwa kulipa, na ukizidishiwa una pa kuanzia ugomvi. Fiaker utamgombeza kwa lipi?

Jioni kaka akauliza, kwa hela yote hiyo tulifika wapi.

"Stephansplatz," nikamjibu.

"Na mlipandia wapi?"

Wifi akaenda jikoni kuangalia wali.