Maji ya Kijivu Yaliyoingia Mfongoni

Siku tuliyomwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza, saiti yetu ilijaa vibarua. Tulikuwa juu kidogo ya mji wa Moshi, upande wa barabara ya Kibosho. Makarai yalipokewa mkono kwa mkono kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, hadi juu, na mimi, mwanafunzi wa ufundi niliyeletwa pale kujifunza kwa vitendo, nilihesabu mifuko ya saruji na kuangalia maji yasizidi kipimo.

Jioni zege likiwa limeshasawazishwa, mwendesha mikisa akafanya alichozoea. Alitupia kokoto na ndoo kadhaa za maji ndani ya pipa, akalizungusha mpaka likasafika, akalipindua chini. Toroli, machepe na makarai navyo vikasuuzwa hapohapo. Ule uji wa kijivu ukafuata mteremko, na chini ya mteremko ulipita mfongo.

Kwa asiyeujua mlima wetu wa Kilimanjaro, mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani, unaochepusha maji ya mto na kuyapitisha kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, watu wakimwagilia kwa zamu. Huu ulichota kutoka mto Karanga. Unanyweshea migomba na kahawa, ng'ombe wa zizini wanaupata, na mzee mmoja hatua chache chini yetu alikuwa ameuelekeza kwenye bwawa la perege.

Asubuhi akaja na ndoo. Tulimwamkia, akaitikia taratibu, akaiweka ndoo mbele ya foremani. Perege walikuwa wamelaliana, midomo wazi. Alimshika mmoja akamfunua shavu. Pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa na ute mweupe.

"Meku, saruji haina sumu," foremani alisema. "Yale ni maji ya kuoshea vyombo tu. Labda kuna mtu amepiga dawa ya kahawa huko juu."

"Dawa ya kahawa naijua harufu yake tangu utoto," mzee akajibu. "Hii siijui."

Wakati wakiongea, saidia fundi mmoja alikuwa amekaa juu ya tofali hataki kuvaa gambuti zake. Nikamwomba akunje suruali. Juu ya vifundo vya miguu ngozi ilikuwa imelainika na kuanza kuchubuka, nyekundu katikati, pembeni nyeupe. Jana yake maji ya zege yaliingia ndani ya gambuti akaendelea na kazi mpaka jioni. "Sikusikia kitu, kaka," aliniambia. "Usiku ndiyo ikaanza kuwaka." Tukammiminia maji safi kwa muda mrefu, kisha akapelekwa zahanati. Saruji mbichi inaunguza hivyo, kimyakimya, na maumivu yanakuja baadaye. Tena ina kromiamu ambayo kwa baadhi ya watu inaleta mzio wa ngozi usioisha.

Injinia alipofika alitoa kwenye gari karatasi za kupimia ukali wa maji. Moja aliichovya kwenye mfongo, juu ya saiti yetu, ikaonyesha karibu 7, yaani maji ya kawaida. Nyingine akaichovya kwenye dimbwi lililobaki chini ya mikisa. Ikageuka buluu iliyokolea, kati ya 12 na 13. Akatueleza kwamba kila namba moja ikipanda, ukali unazidishwa mara kumi, kwa hiyo kutoka 7 hadi 12 ni mara 100,000. Samaki wengi wanaishi vizuri kati ya 6.5 na 9. Saruji ikikutana na maji inatoa chokaa kali, na chokaa hiyo ndiyo iliyounguza mashavu ya perege. Mpaka leo inaniuma kwamba miguu ya yule kijana ilikuwa na jibu kabla ya karatasi, na hakuna aliyemuuliza.

Foremani akanyamaza, kisha akamwambia mzee, "Nisamehe, baba." Mkandarasi alilipia samaki.

Shimo la kupokea maji ya kuoshea mikisa na vyombo tulilichimba siku hiyohiyo, upande wa barabarani, mbali na mfongo kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Injinia alitukumbusha kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinataja mita 60 kutoka ukingo wa mto, akasema mfongo nao tuuheshimu hivyo. Tulitandika nailoni nzito ya kipande kimoja, bila kiungo, kwa sababu maji haya yakipata tundu yanazama ardhini. Kingo tukazizungushia viroba vya udongo. Amri ilikuwa moja: likifika robo tatu, hakuna kuongeza.

Baada ya siku chache tope lilituama, juu yakabaki maji meupe ya kuvutia macho. Mama ntilie wetu akaja na ndoo, anataka akamwagilie mchicha. Nilimkimbilia. Maji yale yakionekana safi bado ni makali vilevile, na mimi naona hapo ndipo hatari ilipo kubwa, maana tope la kijivu mtu analikwepa mwenyewe. Tuliyatumia kuoshea mikisa na kuchanganyia zege la kazi ndogo. Masika ilipoanza tukalifunika shimo kwa mabati kila jioni, kwani mvua moja ya usiku ingetosha kulifurisha. Tope lililoganda tulilivunja kwa nyundo tukalishindilia chini ya sakafu ya gereji pamoja na mawe.

Kabla sijarudi chuoni, wazee wa mfongo walikaa kikao wakapitisha neno: anayejenga kandokando ya mfongo awaonyeshe kwanza shimo lake, ndipo ashushe saruji. Wa kwanza kukaguliwa alikuwa jirani yetu wa juu, na foremani wetu ndiye aliyetumwa kumfundisha jinsi ya kutandika nailoni.